Kujifunza SEO bila kupigwa: mwongozo wa kuchagua pa kujifunzia

Miaka kadhaa iliyopita nililipa laki mbili kwa mafunzo ya siku mbili ya SEO kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Dar. Chai ilikuwa nzuri na sambusa za moto. Kwenye mafunzo yenyewe, nusu ya siku ya kwanza iliisha tukielekezwa kujaza kile kisanduku cha maneno muhimu kinachofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa: maneno hamsini, koma baada ya koma, "mashuka, mashuka mazuri, mashuka bei nafuu, mashuka Dar es Salaam". Nikarudi nyumbani nikajaza tovuti tatu usiku kucha. Baadaye sana ndipo nilipokutana na tamko la Google wenyewe, la Septemba 2009, kwamba kisanduku hicho hawakitumii kabisa wanapopanga matokeo. Yaani tulifundishwa kitu kilichokufa kabla baadhi yetu hatujamaliza darasa la saba.

Simlaumu sana yule mwalimu, naye alifundishwa hivyo. Ubaya wa elimu hii ni kwamba somo lililochacha halinuki. Limepangwa vizuri, lina picha, na linatolewa kwa sauti ya kujiamini. Tangu siku ile nina kipimo kimoja tu: ninachofundishwa hapa, naweza kukijaribu kwenye tovuti yangu na kuona jibu kwenye namba zangu mwenyewe? Kama siwezi, napita. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya kipimo hicho.

Kwa asiyejua tunazungumzia nini: SEO ni kazi ya kuifanya tovuti ionekane na ieleweke na injini za utafutaji kama Google na Bing, bila kulipia tangazo. Utafiti wa maneno ni sehemu yake ya kwanza, yaani kujua watu wanaandika nini hasa wanapotafuta kile unachouza au unachokiandikia.

Hatua ya 1: Pata tovuti ya kuchezea kabla ya somo lolote

Kujifunza SEO bila tovuti ni kama kujifunza kuogelea Coco Beach huku umekaa kwenye benchi unakula mihogo. Tafuta tovuti. Si lazima iwe ya gharama. Blogger ni ya bure na inatosha kabisa kwa kuanzia. Ukiwa na ndugu mwenye duka, muombe umtengenezee ya kwake. Mimi nilijifunzia kwenye tovuti ya dada mmoja anayeuza mashuka na mapazia Kariakoo, na nitamtaja mara nyingi humu, maana alinifundisha kuliko ule ukumbi wa hoteli.

Siku tovuti inapoingia hewani, siku hiyohiyo iunganishe na Google Search Console. Ni bure. Ndiyo sehemu pekee ambapo Google inakuonyesha watu waliandika nini hadi ukurasa wako ukajitokeza, ulijitokeza mara ngapi, ukiwa nafasi ya ngapi, na wangapi walibofya. Inaanza kukusanya taarifa pale unapoiongeza tovuti yako, kwa hiyo kila wiki unayochelewa ni wiki uliyoitupa. Taarifa zinakaa miezi 16, muda wa kutosha kulinganisha Januari hii na Januari iliyopita.

Biashara nyingi za hapa mjini zinaishi Instagram na WhatsApp, na hilo si kosa. Ila ukurasa wa Instagram huwezi kuutumia kujifunza kazi hii kwa undani, kwa sababu hupati orodha ya maneno yaliyomleta mteja kutoka Google. Kama kuna duka ambalo mtu anaweza kulifikia kwa miguu, fungua pia Google Business Profile, ile inayoliweka duka kwenye ramani. Nayo ni bure, na inakuonyesha baadhi ya maneno yaliyotumika kulipata duka lako.

Hatua ya 2: Anzia chanzoni

Watu wanakimbilia video za YouTube huku nyaraka za Google wenyewe zipo wazi, bure, chini ya jina Google Search Central. Zisome kwa mpangilio huu. Kwanza ule mwongozo wa wanaoanza, SEO Starter Guide. Ni wa jioni moja. Kisha ukurasa unaoeleza jinsi utafutaji unavyofanya kazi: roboti, yaani programu ya Google, inapita na kusoma kurasa, zinazofaa zinaingizwa kwenye indeksi, ile kumbukumbu yao ya kurasa, halafu zinapangwa mtu anapotafuta. Ukizielewa hatua hizo tatu, nusu ya maswali yako yanajijibu. Mtu anayelalamika "sipo kwenye Google" huwa hajui amekwama wapi: kwenye kusomwa, kwenye kuingizwa, au kwenye kupangwa. Kila moja ina dawa yake.

Baada ya hapo soma sera zao za taka, yaani orodha ya mambo yanayoweza kukushusha au kukuondoa kabisa. Malizia na ukurasa wao kuhusu kuajiri mtaalamu wa SEO. Huo wa mwisho hausomwi, na ndio ungeniokolea laki mbili. Umeandikwa wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja kwenye Google.

Kuna pia ule mwongozo mrefu wanaopewa watu wanaokagua ubora wa matokeo. Ni faili la PDF lenye kurasa zaidi ya 150. Lipakue kwa bando la usiku, na usilisome lote. Chukua sehemu za mifano ya kurasa nzuri na mbaya. Jua tu kwamba alama za wakaguzi hao hazipandishi wala kushusha tovuti moja kwa moja. Zinawasaidia Google kupima kama mabadiliko yao yanakwenda wanakotaka.

Nyaraka hizi ni nzito kwa aliyechoka na Kiingereza. Tafsiri ya kivinjari inasaidia, ingawa mahali pengine inachekesha. Dawa yangu ilikuwa daftari dogo: kila neno la kitaalamu nikaliandikia maelezo yangu kwa Kiswahili cha kwetu, si tafsiri ya neno kwa neno. Ukishindwa kumweleza mama yako kitu hicho, hujakielewa bado.

Na usiwaamini Google kwa kila kitu. Wanasema wanachotaka kusema, na mengine wanayaacha. Ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Chagua kozi moja ya nje, moja tu

Za bure ziko nyingi, na kadhaa ni nzuri kuliko za kulipia. Moz, kampuni ya programu za SEO iliyoanzishwa 2004, ina mwongozo wa wanaoanza unaosomwa kama kitabu kifupi. Ahrefs wana mafunzo ya video yaliyopangwa vizuri, hasa upande wa utafiti wa maneno. Semrush na HubSpot wana akademia zenye mitihani na vyeti vya bure. Aleyda Solis, mshauri anayeheshimika sana kwenye fani hii, ana tovuti ya LearningSEO.io, ambayo ni ramani tu: jifunze hiki kwanza, kisha hiki, na hapa ndipo pa kusomea. Kwa mtu anayehisi amezama kwenye video mia mbili, ramani hiyo ni kamba ya kushika.

Kumbuka wengi wa hao wanauza programu. Somo litakuwa la kweli, ila litakupeleka taratibu hadi kwenye kitufe cha kulipia. Chukua mantiki, mengine waachie.

Habari mpya nazipata Search Engine Roundtable, tovuti ya habari za utafutaji ya Barry Schwartz, mara moja kwa wiki, Jumapili. Kila siku ni sumu. Utabadilisha tovuti kila unaposikia fununu.

Hatua ya 4: Pitisha kila mwalimu kwenye chekeche

Fani hii ina tarehe ambazo ukizijua unaweza kulipima somo lolote ndani ya dakika kumi. Mimi nazitumia kama mama anavyogusa parachichi sokoni: hanunui kwa rangi, anabonyeza kwanza.

Bonyeza hapa. Mwalimu akikuuzia viungo, yaani linki za kutoka tovuti nyingine kuja kwako, eti "linki 500 kwa elfu hamsini", muulize kuhusu Penguin. Hayo ni mabadiliko ya Google ya Aprili 2012 yaliyolenga tovuti zilizojipandisha kwa viungo vya kununua na vya hila. Akikufundisha kumwaga maelfu ya kurasa zilizotengenezwa na mashine bila mtu kuzisoma, huyo yuko nyuma ya Machi 2024, Google walipotangaza sera mpya dhidi ya uzalishaji wa namna hiyo. Akizungumzia kasi ya tovuti na bado anahesabu kipimo cha FID (ukurasa unachelewa kiasi gani kuitikia mguso wa kwanza) miongoni mwa vile vikuu vitatu vya Google, Core Web Vitals, somo lake halijaguswa tangu Machi 2024, kilipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na INP, kinachoangalia miguso yote. Akieleza ubora wa maudhui kwa herufi tatu za E-A-T (utaalamu, mamlaka na uaminifu), somo lake ni la kabla ya Desemba 2022. Siku hizi ni E-E-A-T, herufi iliyoongezwa ikiwa ni ya uzoefu, kwamba mwandishi amewahi kukitumia au kukifanya anachokieleza.

Akikuambia neno lako lijirudie asilimia tatu ya maandishi yote, funga daftari. Ukurasa wa mashuka wenye neno "mashuka" kila sentensi unasomeka kama kasuku, na hakuna asilimia ya siri.

Tahadhari moja. Somo la zamani si lazima liwe bovu. Jinsi roboti inavyofuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, umuhimu wa kichwa cha ukurasa kinachoeleweka, kuzipanga kurasa ili mtu asipotee: hayo ya mwaka 2010 bado yanasimama. Kinachooza haraka ni ujanja, misingi inadumu. Mwalimu mwenye mambo mengi ya ujanja kuliko misingi, hata kama kaandika mwaka huu juu ya video yake, ana bidhaa ya kuchacha.

Vyeti navyo. Kipo cheti cha Google cha matangazo ya kulipia, na ni halali. Lakini Google hawana utaratibu wa kuwasajili wataalamu wa SEO, kwa hiyo anayejinadi kwamba ameidhinishwa na Google kupandisha tovuti, mwachie nafasi apite.

Swali ambalo mwenzio nalitumia kama kisu ni hili: "Naomba nione Search Console ya tovuti moja unayoisimamia; jina unaweza kulificha." Anayefanya kazi kweli atakufungulia na hata kukuonyesha pale alipoanguka. Msanii atakuonyesha picha ya skrini ya mtu mwingine, au atakuambia ni siri ya mteja huku jina umesema alifiche.

Hatua ya 5: Utafiti wa maneno kwa Kiswahili, ambao sijaona kozi inayoufundisha

Hapa ndipo utalazimika kuwa mwalimu wako mwenyewe. Kozi zote nilizotaja zinatoa mifano ya Kiingereza, na Kiingereza kinabadilisha maneno kwa nyuma. Chetu kinabadilika kwa mbele: kiwanja, viwanja, jiko, majiko, shuka, mashuka. Ukianza kuandika "kiwanja" kwenye kisanduku cha Google mapendekezo ni mengine, ukianza na "viwanja" ni mengine kabisa. Kwa hiyo kila neno lako lijaribu kwa umoja na kwa wingi, kila mara, hata pale unapoona ni kitu kilekile.

Kisha kuna kauli ya kitenzi, na hapa biashara nyingi za Dar zinajikwaa. Mwenye magari anaandika "tunakodisha". Bwana harusi wa Jumamosi anatafuta "kukodi gari la harusi". Mwenye nyumba anapangisha, mpangaji anapanga. Tovuti imeandikwa kwa mdomo wa muuzaji na inatafutwa kwa mdomo wa mnunuzi. Wengine huchanganya, wapo wapangaji wanaotafuta "nyumba za kupangisha Sinza", ndiyo maana unajaribu zote mbili badala ya kubishana.

Neno moja peke yake huwa halina maana ya kutosha. "Shuka" ni la kitandani, ni la Kimasai, na ni amri ya kumwambia abiria atoke kwenye daladala. Huwezi kujua aliyeliandika anataka nini. "Mashuka ya 6 kwa 6 bei" ni mtu mwenye pesa mkononi. "Jinsi ya kufua mashuka meupe" anataka maelezo, huenda akanunua mwezi ujao. "Mashuka ya jumla Kariakoo" ni mfanyabiashara, tena mara nyingi wa mkoani. Hao ni watu watatu, na kila mmoja anastahili ukurasa wake.

Niliyajua hayo wapi? Kwenye simu ya yule dada. Nilikaa dukani kwake asubuhi mbili, nikaomba kuona ujumbe wa kwanza wa kila mteja wa WhatsApp, nikaandika hamsini kwenye daftari kama ulivyo, na makosa yake. Kwenye tovuti nilikuwa nimeandika "mashuka ya kitanda kikubwa". Hakuna mteja hata mmoja aliyesema hivyo. Waliandika "shuka 6 kwa 6", "6x6", "sita kwa sita mnazo?" Na swali lililojirudia kuliko yote halikuwa la bei. Lilikuwa "mnatuma mkoani?" Tovuti haikuwa na hata mstari mmoja kuhusu kutuma mzigo kwa basi.

Fanya hivyo. Chora safu tatu: alivyoandika mteja, anachotaka, ukurasa unaomjibu. Safu ya tatu ikibaki tupu, umepata kazi ya wiki.

Sikiliza pia majina ya mtaani. Mtu hatafuti tangi la plastiki la kuhifadhia maji. Anatafuta "simtank lita 1000", hata kama atanunua la kampuni nyingine. Hatafuti friji iliyotumika, anatafuta "friji used". Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari angelia, lakini hanunui friji kwako. Na kwa maeneo, Dar haitafutwi kwa majina ya barabara. Inatafutwa kwa vituo na alama: Sinza Kumekucha, Ubungo Riverside, Mbezi Mwisho. Weka alama hiyo kwenye ukurasa wako wa mawasiliano na kwenye Google Business Profile, siyo sanduku la posta tu.

Ukishakuwa na maneno ya wateja, yapeleke kwenye kisanduku cha Google. Fungua dirisha la faragha (incognito) ili historia yako isikudanganye. Andika mwanzo, acha nafasi, kisha pitisha herufi moja moja: "bei ya mashuka a", "bei ya mashuka b", na kuendelea. Rudia kwa mianzo ambayo watu wetu wanaitumia: jinsi ya, namna ya, bei ya, duka la, fundi, wapi naweza kupata, nauli ya, dawa ya. Teremka pia hadi chini ya ukurasa wa matokeo, kuna maneno yanayohusiana. Kazi hii inachosha na haina uzuri wowote wa kuonyesha watu, lakini maneno hayo yanatokana na yale ambayo watu wameyatafuta kweli.

Kabla ya kuandika ukurasa, tafuta neno lenyewe uone nani yuko juu. "Matokeo ya kidato cha nne" linatafutwa na nchi nzima mwanzoni mwa mwaka, na watu wanaitaka NECTA, Baraza la Mitihani lenyewe. Wewe na blogu yako mtafanya nini hapo? Lakini ukikuta juu kuna kurasa nyembamba, tangazo la miaka mitano iliyopita na video isiyohusika, kaa chini uandike.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo namba

Google Trends, inayoonyesha neno linapanda au kushuka vipi katika utafutaji, ni ya bure. Chagua Tanzania. Namba zake za 0 hadi 100 si idadi ya watu. 100 ni kilele cha neno hilo ndani ya muda uliouchagua, mengine yanapimwa kwa hicho. Neno refu la Kiswahili mara nyingi halina taarifa za kutosha, kwa hiyo tumia la jumla, "mashuka" badala ya "mashuka ya 6 kwa 6". Mimi naitumia kwa misimu tu. Kwa yule dada msimu tuliuona kwanza dukani: wazazi wenye fomu za kujiunga na shule za bweni, zilizoorodhesha mashuka mawili ya rangi fulani, wakija Januari kwa kidato cha kwanza na tena Julai kwa kidato cha tano. Ukurasa wa msimu unatakiwa uwe hewani wiki nyingi kabla, kwa sababu Google haitauweka juu siku unapouandika.

Keyword Planner, chombo cha kukadiria neno linatafutwa mara ngapi, iko ndani ya Google Ads, mfumo wao wa matangazo ya kulipia. Ukifungua akaunti mpya itakusukuma uanzishe tangazo. Tafuta njia ya kufungua akaunti bila kampeni. Weka eneo Tanzania, na upande wa lugha chagua lugha zote, maana watu wetu wanachanganya ndani ya sentensi moja. Usipotangaza utapewa makadirio mapana tu, kama 100 hadi 1,000 kwa mwezi. Yanatosha kujua lipi kubwa lipi dogo. Na ile safu ya ushindani, wengi wanaisoma vibaya: inapima ushindani wa wanaolipia matangazo, haikuambii ugumu wa kupanda bila kulipia.

Mara nyingi utakuta sifuri au mstari mtupu. Usiache neno kwa sababu hiyo. Kama wateja saba kati ya hamsini wameliuliza kwenye WhatsApp, wewe una taarifa ambayo programu haina.

Baada ya miezi miwili au mitatu Search Console inaanza kuongea. Nenda kwenye maneno ambayo ukurasa wako unaonekana nafasi ya 8 hadi 20. Hayo Google tayari imekufikiria, imebaki kidogo. Soma neno, soma ukurasa wako, jiulize kama unamjibu aliyeandika vile. Rekebisha kichwa, ongeza aya inayokosekana, weka kiungo kutoka ukurasa wako mwingine. Kisha subiri. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana hayaonyeshwi, kwa ajili ya faragha, kwa hiyo usishangae jumla zisipolingana.

Bing nao wana chombo chao, Bing Webmaster Tools, chenye sehemu ya utafiti wa maneno, bure. Kifungue, kinachukua dakika chache.

Kuhusu akili bandia: ni nzuri kwa kukupa mawazo ya maneno usiyoyafikiria. Ikikupa idadi ya wanaotafuta kila neno bila kuunganishwa na chanzo chochote, namba hizo imezitunga. Nimeona mtu akimpelekea bosi wake jedwali zima la namba hizo. Kila neno ililokupa lipeleke kwenye kisanduku kama mengine.

Hatua ya 7: Tafuta wenzako watatu

Magrupu makubwa ya WhatsApp ya masoko ya kidijitali yamejaa matangazo na "habari za asubuhi wapendwa". Kinachofundisha ni watu watatu au wanne, kila mmoja na tovuti yake. Sisi tulikuwa tunakutana Jumamosi Kijitonyama, kila mtu anafungua Search Console yake mbele ya wenzake na kueleza alichobadilisha na kilichotokea. Aibu ya kutokuwa umefanya kitu ni mwalimu mkali. Kama huna wa kuanza nao, zungukia matukio ya vituo vya ubunifu kama Buni Hub pale COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), au waulize wanafunzi wa TEHAMA wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; wengi wana miradi inayohitaji wasomaji.

Weka daftari la mabadiliko: tarehe, ukurasa, ulichobadilisha, kwa nini. Badilisha jambo moja kwa wakati kwenye ukurasa mmoja. Ukibadilisha matano kwa siku moja, idadi ya wageni ikipanda hutajua umshukuru nani. Na ikishuka, angalia kwanza ukurasa wa Google unaoitwa Search Status Dashboard, ambako wanaorodhesha masasisho makubwa ya upangaji na tarehe zake. Huenda si kosa lako.

Hatua ya 8: Lini ulipie

Kozi ya kulipia ina maana pale unapokuwa na swali mahususi ambalo umelijaribu mwenyewe ukashindwa, kwa mfano tovuti ya lugha mbili, au duka lenye bidhaa elfu kumi. Omba mtaala kabla, angalia kama kuna muda wa kukagua tovuti zenu wenyewe darasani, na uliza mara ya mwisho somo lilirekebishwa lini na nini kilibadilishwa. Swali hilo la mwisho ndilo linalowatoa jasho.

Programu je? Vifurushi vya kawaida vya Ahrefs na Semrush vinavuka dola 100 kwa mwezi. Kabla ya hapo maliza vya bure: Ahrefs Webmaster Tools kwa tovuti yako mwenyewe, na Screaming Frog, ambayo hukagua hadi anwani 500 bila malipo na kukuonyesha viungo vilivyokatika na vichwa vilivyojirudia.

Nilipompelekea yule dada bei ya programu, alipiga hesabu ya robota za mashuka kichwani akanitazama tu. Tukakubaliana hivi: tunalipia mwezi mmoja kwa mwaka, Novemba, kabla ya msimu wa Januari. Nakusanya kwanza maswali yote kwenye daftari, nalipia, napakua orodha zote kwa siku chache, kisha nasitisha kabla tarehe ya kukatwa tena haijafika.